Jicho la Maji

Kwanza ilikuwa sauti.
Fondo alipiga mtaimbo, jiwe likajibu kama mtungi mtupu.
Akapiga tena, mtaimbo ukamponyoka,
ukazama. Tukasikiliza. Moja, mbili,
chubwi.

Huku Maweni, kisiwani Manda, mawe ndiyo shamba letu.
Tunayakata, tunayapanga,
yanavuka kwenda kuwa kuta za watu wengine.
Nilichojua kuhusu jiwe ni bei yake
na jinsi vumbi lake linavyotua kwenye uji.

Akaja Daktari Mwanajabu, mzaliwa wa Faza,
kurunzi kipajini, magoti yote mawili yamechubuka.
Akaniambia: hili lilikuwa hai. Matumbawe.
Bahari ikarudi nyuma, ikaliacha juani,
na mvua, yenye uchachu usioonjeka,
ikaanza kulilamba. Miaka elfu mia, pengine zaidi.
"Pango ni jiwe lililolambwa," alisema,
nami nikamkumbuka mwanangu na kipande cha sukari guru.

Alitafuta mtu wa kushusha mitego. Fondo alicheka.
Nikaenda mimi.

Chupa iliyokatwa shingo, dagaa mmoja ndani,
kamba ya mita tisa.
Nashusha kamba kumtafuta kamba,
somo amfuate somo yake gizani.

Asubuhi ya tatu akapanda.
Mdogo kuliko punje ya mchele,
mweupe hadi chakula kinaonekana kikipita tumboni,
ndevu mara mbili ya mwili.
Nilimtafuta macho kwa kioo cha kukuzia.
Hana.
Pale yalipopaswa kuwa pana ngozi tu, laini,
kama dirisha lililozibwa kwa chokaa.

"Jicho ni ghali kulilisha," alisema Daktari.
"Penye giza, mwili hubana matumizi."
Hilo nililielewa bila kufafanuliwa.
Lakini chemchemi tunaiita jicho la maji,
na ndani ya jicho anaishi asiye na jicho,
anakula majani yaliyooza, kinyesi cha popo,
anatuachia maji tunayoteka,
na sisi tulioinama ukingoni na macho yetu mawili mawili
hatukuwahi kumwona.

Nikapewa daftari. Tarehe, kina, chumvi, idadi.
Machi: kumi na mmoja.
Mei, baada ya mvua: kumi na tisa, mmoja ana mayai.
Agosti: wanne. Chumvi imepanda.
Mwezi huo ndio ulioletwa msumeno wa dizeli.

Daktari aliomba upande ule usikatwe.
Lali, mwenye machimbo, alisema atafikiria.
Fondo alinyamaza mchana kutwa. Usiku akasema:
"Unalinda pango. Haya. Na pango la nyumba atalipa nani?"
Ulikuwa utani mzuri. Hakuna aliyecheka.

Desemba: sifuri.
Januari: sifuri.
Nikampigia Daktari simu, sauti ikanikatika,
nikaona haya, mtu mzima kumlilia mdudu.
"Mbodze," akasema, "andika sifuri, ila usiiamini.
Sifuri ya chupa si sifuri ya pango.
Chupa yako inajua tundu moja.
Yeye ana nyufa ambazo hakuna aliyezipima."

Leo nimechemsha chai kwa maji yale.
Ina munyu. Fondo ameongeza sukari, ameinywa yote,
hakuuliza.
Kisha ameitungua kamba msumarini,
ameikagua shubiri kwa shubiri, na pale ilipolika
ameikata, akaiunga kwa fundo la wachimbaji, lile lisiloteleza.
"Si mita tisa tena," amesema. "Nane na kitu.
Andika na hilo."